Dhahabu kwa Bei ya Shaba

Neno mnada limezaliwa na wito. Asili yake ni nidaa ya Kiarabu, yaani mwito wa sauti ya juu, na Kiswahili kikalipokea kwa mapana yake. Kunadi ni kutangaza mbele za watu, na wazee wetu walimwita mwadhini mnadi swala kwa kuwa naye huwaita watu kwenye jambo lisilofichwa. Ndani ya neno hilo, basi, mna sharti linaloitangulia bei: kitu kinachonadiwa lazima kisikike. Mnada usiosikika ni maafikiano ya watu wawili yaliyovikwa nguo ya mnada.

Kila mkaazi wa pwani ameuona mnada wa samaki. Ngalawa zimefika, samaki wamemwagwa chini, dalali amesimama, na wanunuzi wamemzunguka. Tajiri wa hoteli na mchuuzi wa baiskeli wote wanaliona jicho la samaki lilivyo, wote wanaweza kuinama na kufunua matamvua. Hakuna asiyemjua nguru, wala hakuna atakayemuuza changu akidhani anauza dagaa. Bei ikiwa chini siku hiyo, ni kwa sababu bahari imetoa kwa wingi au wanunuzi ni wachache. Aliyenunua kwa rahisi hamwonei haya mvuvi, na jioni wataweza kukaa baraza moja wakanywa kahawa. Rahisi ya namna hiyo naiita rahisi ya haki, na makala haya hayana ugomvi nayo.

Ugomvi wangu, au niseme wasiwasi wangu, uko kwenye rahisi ya namna ya pili, ambayo zama zetu zimeipa soko kubwa lisilopata kuonekana. Mnamo Septemba 1995, huko California, kijana mmoja aitwaye Pierre Omidyar, mzaliwa wa Paris wa wazazi wa Kiirani, alifungua ukurasa wa mnada katika intaneti na kuuita AuctionWeb. Miaka miwili baadaye ulipewa jina la eBay. Inasimuliwa kuwa kitu cha mwanzo kuuzwa pale kilikuwa kalamu ya mwanga wa leza, mbovu, nayo ilifikia dola 14.83. Muuzaji, ambaye ni Omidyar mwenyewe, alimwandikia mnunuzi kumuuliza kama ameelewa kuwa kitu kile kimeharibika. Mnunuzi akamjibu kwamba yeye hukusanya kalamu za leza mbovu. Namwomba msomaji aikumbuke hadithi hii ndogo, kwani tutakuja kuihitaji. Hapo muuzaji alikuwa na la kumwambia mnunuzi, akalisema kabla ya kupokea fedha.

Namna mnada huo unavyofanya kazi haina fumbo. Mnunuzi huandika kiwango cha juu kabisa alicho tayari kulipa, nacho husitiriwa. Programu humpandishia dau kidogo kidogo, kiasi tu cha kumshinda mwenziwe, hivyo mshindi hulipa zaidi kidogo ya dau la yule aliyemfuatia. Fikra hiyo ilikwisha kuchambuliwa na mwanauchumi William Vickrey katika makala yake ya mwaka 1961, akaonesha kuwa mnada wa siri ambao mshindi hulipa dau la wa pili humfanya kila mtu aone faida katika kutaja thamani ya kweli aliyonayo moyoni. Wako wanaosubiri hadi sekunde za mwisho ndipo watume dau lao, ili wengine wasipate nafasi ya kujibu. Wengi huwalaumu watu hao. Mimi siwalaumu. Saa ya kufunga mnada inajulikana kwa wote, na aliyeandika kiwango chake cha kweli tangu mwanzo hana anachoibiwa. Huo ni mchezo baina ya wanunuzi, nao wote wameziona kanuni zake.

Lakini rahisi kubwa hazitoki hapo, na wanaozitafuta wanalijua hilo. Hutoka pale muuzaji alipokosea herufi moja katika jina la kitu, na wanaokitafuta wakaandika jina sahihi wasikione. Hutoka pale kitu kilipowekwa katika fungu lisilo lake, au picha ilipopigwa gizani, au maelezo yalipoandikwa na mtu asiyejua ana nini mkononi. Zimetungwa hata programu za kutafuta makosa ya tahajia kwa makusudi. Yaani, msomaji mpenzi, kuna maarifa kamili ya kupatafuta mahali ambapo wito wa dalali haukusikika, ili mtu afike peke yake akiwa na masikio yake mawili. Hapo mnada umepoteza ile sifa iliyoupa jina.

Kwetu sisi jambo hili lina mfano mzuri sana. Mwaka 1895, posta ya Unguja ilipotoka katika mikono ya utawala wa posta wa India, stempu za India zilipigwa chapa juu yake jina la Zanzibar. Mpangaji wa herufi akateleza, na baadhi ya stempu zikatoka na jina Zanzidar. Leo hii kosa hilo la herufi moja ndilo linalowatia wazimu wakusanyaji stempu, na ndilo linaloipa karatasi ile thamani kuliko wenzake walioandikwa sawasawa. Sasa mfikirie mtu katika mji wa mbali, aliyerithi kitabu cha stempu cha babu yake. Anaiweka mnadani, na kwa kuwa hajui kuandika jina la kisiwa chetu, naye anakosea herufi. Kosa la mpangaji chapa limeongeza thamani, na kosa la mrithi limeificha. Baina ya makosa mawili hayo amesimama mnunuzi mmoja ajuaye. Je, anyamaze?

Suali hili ni kongwe kuliko intaneti, kuliko posta, na kuliko karatasi katika nchi nyingi. Mwaka 44 kabla ya Masihi, Mrumi Cicero alimwandikia mwanawe kitabu juu ya wajibu, na katika sehemu yake ya tatu akaeleza mzozo wa wanafalsafa wawili wa Kistoa, Diogenes wa Babiloni na Antipater wa Tarso. Mfanyabiashara mwema ametoka Iskandaria na shehena ya ngano kwenda kisiwa cha Rhodes, ambako njaa imeshika na bei imepanda. Njiani ameona majahazi mengine yakija nyuma yake na ngano tele. Je, awaambie watu wa Rhodes, au anyamaze auze ghali? Diogenes alisema muuzaji alazimika kutaja kasoro za bidhaa pale tu sheria inapomtaka, na mengine yaliyobaki auze bila ya hila. Kunyamaza, kwake yeye, hakukuwa sawa na kuficha. Antipater alisema mtu amezaliwa awe msaada kwa mtu mwenziwe, hivyo mnunuzi asibaki gizani kwa jambo analolijua muuzaji. Cicero akamwelekea Antipater.

Kitabu hichohicho kinalitaja suali letu lenyewe, lililoulizwa na mwanafalsafa mwengine, Hecato. Mtu anauza dhahabu akidhani anauza shaba. Je, mwema amwambie kuwa hiyo ni dhahabu, au anunue kwa dinari moja kitu chenye thamani ya dinari elfu? Miaka zaidi ya elfu mbili imepita, na ningeombwa niueleze kwa sentensi moja uwindaji wa rahisi katika minada ya intaneti, nisingeweza kuipita sentensi hiyo.

Sheria za dunia, kwa jumla, zimesimama upande wa Diogenes. Mnamo Februari 1815, katika mji wa New Orleans, mfanyabiashara aitwaye Organ alipata habari alfajiri kwamba Marekani na Uingereza zimefanya sulhu. Kabla habari haijaenea, alinunua mapipa makubwa 111 ya tumbaku. Muuzaji alimuuliza kama kuna habari yoyote ya kupandisha thamani ya bidhaa ile. Organ hakumpa habari aliyokuwa nayo. Habari ya amani ilipotangazwa, bei ilipanda kwa asilimia 30 hadi 50. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1817, na Jaji Marshall akasema mnunuzi halazimiki kisheria kutoa habari za nje alizonazo, ila kila upande ujichunge usiseme wala kutenda la kumlaghai mwenziwe. Kesi ikarudishwa isikilizwe upya. Nimeitaja ili tuone kuwa hata sheria, iliyokuwa tayari kuvumilia kimya, ilisita mlangoni mwa hadaa.

Na sisi watu wa pwani tumelelewa katika fikhi ya biashara iliyoufikiria mnada kwa makini. Imepokewa kwamba Mtume mwenyewe alimuuzia mtu maskini nguo na bakuli lake kwa mnada, akauliza nani atazidisha, mpaka vikafika dirhamu mbili, na yule maskini akaambiwa anunue chakula kwa moja na shoka kwa ya pili. Mnada, basi, ni halali. Lakini imekatazwa najshi, yaani kupandisha bei ya kitu usichotaka kukinunua ili wengine wadanganyike. Na limekatazwa jambo la pili lililo karibu zaidi na suali letu: kuutokea msafara nje ya mji na kununua bidhaa zake kabla wenyewe hawajafika sokoni wakajua bei. Mwenye bidhaa aliyenunuliwa namna hiyo amepewa khiyari atakapofika sokoni. Hekima yake iko wazi. Yule mtu wa msafara hakudanganywa kwa neno hata moja. Alichokosa ni kuusikia wito wa soko.

Msafara wa zama hizi nao una watu wanaoutokea. Mtu ameweka kitu mnadani kwa siku saba. Siku ya pili anapata ujumbe wa faragha: funga mnada wako sasa, nitakulipa mara tatu ya dau la leo. Muuzaji asiyejua huona ameokota, akafunga. Kwa siku tano zilizobaki wito ungefika mbali, na pengine mwengine ajuaye angetokea. Mwenye ujumbe ule alilijua hilo, ndiyo maana akaharakisha. Hapa sioni haja ya mjadala mrefu. Huku ni kuutokea msafara, hata kama barabara ni ya umeme.

Nirudi kwa anayenyamaza tu. Utetezi wake una nguvu, na haifai kuupita kwa kukunja uso. Atasema: maarifa yangu ni jasho langu. Vyaelea vimeundwa. Nimekesha miaka ishirini na vitabu vya stempu; nimejifunza rangi za wino, matundu ya pembeni, alama za maji ndani ya karatasi. Mrithi wa yule babu angeweza kujifunza, au kumlipa mjuzi amtazamie, naye hakufanya. Nikilazimishwa kumwambia kila muuzaji ninachokijua, nani atakesha tena? Wajuzi wataisha, na vitu vya thamani vitatupwa majaani kwa kukosa wa kuvitambua. Kisha atautaja na msemo wetu: asiyejua maana haambiwi maana.

Mimi ni mtu niliyejifunza peke yangu. Sikukaa chuo kikuu. Lugha ninazofasiri nimeziokota katika vitabu vilivyochanika na kwa mabaharia waliokuwa na subira. Kwa hiyo hoja hii inanigusa penye uhai. Ni kweli kwamba elimu isiyolipwa huwa adhabu kwa mwenye nayo. Ni kweli pia kwamba mnunuzi wa intaneti hana kitu mkononi. Ana picha tu, na picha hudanganya. Chapa za Zanzibar za mwaka 1895 zimeghushiwa mno, na mara nyingi anayenunua kwa matumaini hupokea karatasi isiyo na maana. Bei ndogo hiyo ina ndani yake ujira wa shaka. Maadamu hujui bali unakisia, unanunua bahati, na muuzaji anauza bahati, na hakuna aliyemtendea mwenziwe ubaya. Aidha, muuzaji mwenyewe akiwa ni mfanyabiashara wa vitu hivyo, basi hapo wanashindana wajuzi wawili, kama wachezaji wa bao. Hakuna mchezaji wa bao anayelazimika kumwonesha mpinzani shimo lenye kete nyingi.

Lakini tazama hoja ile inapofikia mpaka wake. Maarifa yanastahili ujira. Je, yanastahili bei yote? Mganga ajuaye dawa hulipwa kwa ujuzi wake, wala hachukui nyumba ya mgonjwa. Mtathmini wa vito hulipwa ada yake, na kito kikabaki kwa mwenyewe. Kila ufundi una ujira unaojulikana, ila ufundi huu wa kunyamaza, ambao huchukua tafauti yote ya dinari moja na elfu, kisha ukaiita tafauti hiyo mshahara. Pana jambo jengine. Sisi wanunuzi tunamdai muuzaji atutajie aibu ya kitu chake: nyufa, madoa, kurasa zilizoliwa na mchwa. Asipotaja tunapiga kelele, tunarudisha, tunamchafulia jina. Tumemgeuza kila muuzaji kuwa Omidyar mwenye kalamu mbovu, anayetuandikia kabla hatujalipa. Kama ni haki mnunuzi aambiwe kasoro asiyoijua, kwa mizani gani imekuwa si haki muuzaji aambiwe sifa asiyoijua? Ujinga ni uleule. Umehama tu upande wa meza.

Kuhusu msemo wa asiyejua maana, nadhani tumeuonea. Wahenga waliutumia kwa mtu aliye mkaidi, aliyeambiwa akakataa kusikia. Kuutumia kwa mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwambia ni kumhukumu kwa kosa letu wenyewe.

Wako waliojibu suali hili kwa vitendo. Cicero anamtaja mwanasheria wa Kirumi, Quintus Mucius Scaevola, aliyetaka kununua shamba akamwomba mwenyewe ataje bei moja kwa moja. Alipotajiwa, alisema yeye analithamini zaidi ya hapo, akaongeza sesta laki moja. Na katika mapokezi ya Kiislamu imesimuliwa habari ya sahaba Jarir bin Abdillah, ambaye mtumishi wake alimnunulia farasi kwa dirhamu mia tatu. Jarir alipomwona farasi, alimwambia mwenyewe kuwa farasi wake ni bora kuliko bei hiyo, akawa anapanda mwenyewe mia baada ya mia, hadi akamlipa mia nane. Watu wawili hawa hawakujuana. Mmoja Mrumi wa zama za jahiliya, mwengine Mwarabu wa karne ya saba. Wote wawili wamefanya mnada wa kinyume, ambamo mnunuzi anajishinda mwenyewe. Cicero anaongeza kwamba katika habari ya Scaevola hakuna aliyekana kuwa huo ni wema, ila wapo waliosema haukuwa werevu. Kauli hiyo ya wajanja haijazeeka hata siku moja.

Na je, werevu wenyewe uko wapi? Mnamo Mei 2000 mchoro mkubwa wa rangi za ovyoovyo uliwekwa mnadani eBay kwa bei ya kuanzia ya senti 25. Muuzaji alijieleza kama mtu wa kawaida asiyejua sanaa. Alisema mkewe hataki mchoro ule ndani ya nyumba, na kwamba mtoto aliutoboa kwa baiskeli yake ya kuchezea. Katika picha moja, pembeni, kwa mbali, zilionekana herufi RD na mwaka 52. Wanunuzi waliojiona werevu waliziona, wakamkumbuka mchoraji mashuhuri Richard Diebenkorn, aliyefariki mwaka 1993. Kila mmoja alidhani yeye ndiye aliyegundua, na kwamba yule mjinga wa gereji hajui alichonacho. Dau likapanda hadi dola 135,805. Baadaye ikabainika kuwa muuzaji alikuwa wakili, hakuwa na mke wala mtoto, na alikuwa akijipandishia dau mwenyewe pamoja na wenzake. Mnada ulifutwa, na mwaka 2001 alikiri makosa mahakamani.

Mafundisho ya kisa hiki hayako kwa tapeli peke yake. Tapeli yule alijua kuwa mtego bora kwa mwindaji wa wajinga ni kujifanya mjinga. Hakuuza mchoro, aliuza ujinga wake wa kubuni, na ujinga huo ulikuwa na wanunuzi wengi kuliko mchoro wowote. Laiti mmoja wao angemwandikia muuzaji, hadharani, kumwambia: bwana, umetazama herufi za pembeni? Suali hilo la mtu mwema ndilo ambalo lingeufichua uongo wote. Waliponyamaza ili wamle, ndipo walipoliwa.

Nimebakisha sehemu inayoniuma. Vitu vya visiwa vyetu vimetawanyika duniani. Makasha ya njumu, milango ya kuchongwa, kadi za picha zilizopigwa na A. C. Gomes hapa Unguja, kamusi ya Krapf ya mwaka 1882, hadithi alizozikusanya Steere na kuzichapisha mwaka 1870, na zaidi ya hayo, madaftari ya tenzi kwa hati za Kiarabu. Vingi viliondoka kwa bei ya kutupa, navyo vilinunuliwa na wajuzi kwa wenyewe wasiojua, au waliojua lakini wana njaa. Leo mambo yamegeuka. Mjukuu wa yule aliyenunua hajui babu yake alileta nini, na mimi niliye huku kisiwani nikiwa na simu na kadi ya benki ndiye nijuaye. Nafsi huninong'oneza: hiki ni chetu, kinarudi kwao, nyamaza.

Miaka michache iliyopita mwanamke mmoja wa Uingereza aliweka mnadani daftari la marehemu babu yake. Aliandika kuwa ni sala za Kiarabu. Katika picha ya ukurasa mmoja niliweza kusoma mistari mitatu, na ilikuwa Kiswahili, tena Kiswahili cha mtu aliyejua mizani. Dau lilikuwa pauni ishirini. Nilimwandikia nikamwambia ni lugha gani na ni kitu cha aina gani. Alinishukuru kwa adabu, akasahihisha maelezo, na siku mbili za mwisho bei ikapanda kupita uwezo wangu. Sijui daftari lile liko kwa nani, wala kama atakayelifungua ataweza kulisoma. Rafiki yangu mmoja, mtu wa haki, aliniambia nimemtendea wema mgeni na kuikosesha lugha yangu haki yake. Sikuweza kumjibu haraka, kwani alichokisema hakikuwa upuuzi.

Jibu nililolifikia ni hili. Kama daftari lilichukuliwa kwa dhulma, dhulma hiyo husemwa kwa jina lake, mbele ya aliyenalo, na mbele ya mahakama na makumbusho ikibidi. Madai ya haki huhitaji sauti. Anayenyamaza akanunua kwa pauni ishirini hakurudisha haki yoyote. Amefanya vilevile walivyofanya wale waliotununua sisi, akaliita tendo hilo kwa jina zuri. Na yule mwanamke hakuwa amemnyang'anya mtu. Alikuwa amefiwa na babu, anasafisha nyumba. Nilikuwa na maneno mawili ya kweli ya kumwambia: kwamba kitu hiki kina thamani, na kwamba kina kwao. Kama ningeyanyamazia yote mawili, angebaki hajui kuwa kuna watu wa mbali ambao daftari la babu yake ni sehemu ya maisha yao.

Pengine hukumu hii inatokana na kazi yangu. Mfasiri huishi kwa ujinga wa watu wawili. Mwandishi hajui lugha ninayompeleka, na msomaji hajui lugha ninayomtoa. Ningeweza kuficha mengi, na aghalabu hakuna angenishika. Kazi nzima husimama juu ya amana kwamba yule ajuaye hatatumia ujuzi wake dhidi ya asiyejua. Mtu aliyeishi hivyo mezani mwake asubuhi hawezi kwa urahisi kuwa Diogenes jioni.

Simtaki kila mwenye kununua awe Scaevola. Kuongeza laki juu ya bei ni fadhila, na fadhila haidaiwi. Ila nadhani yako matatu yanayodaiwa. Kwanza, ukiulizwa, sema kweli. Kimya mbele ya suali la wazi ni uongo wenye adabu. Pili, usiuzime wito: usimtokee mtu njiani kabla soko halijamsikia. Tatu, pale unapojua kwa yakini, na mwenzio hajui kabisa, na tafauti ni ya dinari moja na elfu, mwambie, kisha ikupendeze mwombe akutazamie bei au akulipe ujira wa kumfahamisha. Hayo mengine, yaani saa za usiku, sekunde za mwisho, siku za mvua ambapo watu hawakujitokeza, ni riziki. Ule kwa raha.

Katika kitabu cha Mithali mnatajwa mnunuzi ambaye mbele ya muuzaji hulalama kuwa kitu hakifai, hakifai, na akishakwenda zake hujisifu. Mtu yule angali hai, na siku hizi hujisifu mbele ya maelfu. Kipimo changu cha rahisi nimekitoa kwake. Furaha unayoipata kwa ulichonunua, je, unaweza kuisimulia mbele ya aliyekuuzia, kwa maneno yaleyale unayowasimulia rafiki zako? Ukiweza, umenunua. Usipoweza, tafuta neno jengine la ulichokifanya. Kiswahili kina utajiri wa maneno, na lipo litakalofaa.